Kufuli limebaki zima, hema limechanwa mgongoni. Wadau mnalindaje vitu vyenu kwenye matamasha?

#1 Mla Vumbi
Habari wadau. Naenda moja kwa moja maana bado nina hasira. Nimetoka kwenye tamasha la muziki la siku tatu, la kulala kwenye mahema, na nimelizwa. Usiku wa pili yule msanii tuliyemfuata wote ndo anapanda jukwaani, tukafunga hema, zile zipu mbili nikazikutanisha katikati nikapiga kufuli, lile dogo la begi la safari, tukaenda zetu mbele. Tumerudi saa saba hivi, nimeng'ata tochi kwa meno natafuta funguo mfukoni, namulika kufuli lipo, zipu zipo, nikasema safi. Nimefungua kwa utaratibu kabisa, nimeingia kwa magoti, nasikia upepo usoni. Upepo wa wapi tena? Kumulika, ukuta wa nyuma una mlango mpya, umechanwa na kitu chenye makali toka juu mpaka chini halafu ukasogezwa pembeni kama pazia. Simu ya akiba hakuna, pawabenki hakuna, jaketi hakuna, pochi yenye kadi ya benki hakuna. Na kiatu kimoja. Kimoja! Cha kulia.

Hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza sikufunga nikaambiwa mzembe, safari hii nimefunga nimechaniwa hema. Sasa naomba kujua, kufuli linasaidia au ndo linaita wezi? Na nyie mnaficha wapi vitu mkienda kucheza?

#2 Tochi Kali
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, ila siyo ya hema.

#3 Kamba Mbili
Kufuli kwenye hema ni tangazo la biashara. Hema ni kitambaa, hilo kila mtu anajua na mwizi anajua kuliko wote. Sasa chukulia mahema mia yamepangwa hapo, tisini na tisa yamefungwa zipu tu, lako linang'aa kufuli mlangoni. Mwizi ana dakika zake tano, unadhani anaanza na lipi? Mi hema langu huwa naliacha wazi nusu, ukichungulia unaona soksi chafu na godoro la upepo, basi.

#4 Bint Sauti
#3 hapana kaka. Wezi wengi wala siyo wa viwembe, ni watu wanaopita wanajaribu zipu moja moja, inayofunguka wanaingia. Ukiwa na kufuli anasonga mbele kwa jirani. Kuchana hema ni hatua nyingine, ukikamatwa umeshika kisu huwezi kusema eti nimekosea hema. Mi napiga kufuli huu mwaka wa sita na sijawahi kuguswa.

#5 Mpenda Besi
Hicho kiatu kimoja ndo kimenimaliza 😂😂 mwizi ana mguu mmoja au?

#6 Kamba Mbili
Bint Sauti hujaguswa kwa sababu ya kufuli au kwa sababu ya bahati? Na mimi sijaguswa na sina kufuli.

#7 Fundi Zipu
Wote mnabishania kufuli, hakuna aliyeangalia zipu. Kazi yangu ni kutengeneza mabegi na mahema, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Zipu nyingi za mahema ni zile za koili, yaani meno yake ni uzi wa plastiki uliozungushwa kama springi. Ile ukiisukuma kwa ncha ya kalamu ya wino inaachia katikati. Mtu anaingia, anachukua anachotaka, akitoka anashika vile vishikio viwili pamoja na kufuli lako likining'inia hapohapo, anavivuta vinapita juu ya ile sehemu iliyoachia na meno yanajifunga tena. Unarudi unakuta kila kitu kama ulivyokiacha, unabaki kugombana na rafiki zako nani kachukua hela. Zipu ya meno makubwa ya plastiki au ya chuma kalamu inaisumbua, ila sasa pembeni ya zipu ni kitambaa kilekile. Kwa hiyo mleta mada huyo aliyekuchania ni mshamba, mwenye fani yake usingejua hata siku gani umeibiwa.

#8 Mla Vumbi
Kwa hiyo nimeibiwa na mwanafunzi. Asante kwa faraja mkuu.

#9 Jicho la Tatu
Tujiulize kwanza nani anaiba, ndo tujue kinga. Mi nasema ni magenge. Wananunua tiketi kama sisi, wanapiga hema kama sisi, wamekuja kazini. Kumbukeni yule jamaa wa tamasha la muziki la Coachella kule California, alikamatwa na simu kama hamsini kwenye begi, ilikuwa 2015 kama sikosei.

#10 Nyuki
Umekosea mkuu. Ilikuwa Aprili 2017 na simu zilizidi 100. Na waliomnasa siyo upelelezi wa maana, ni wenye simu wenyewe, walivyoona hazipo wakafungua ile huduma ya kutafuta simu wakaona ziko hapohapo ndani ya uwanja na zinatembea, wakazifuata mpaka kwa mtu mwenye begi. Ila zile zilichomolewa mifukoni kwenye msongamano, siyo kwenye mahema. Ule ni wizi mwingine, tusichanganye.

#11 Jicho la Tatu
Nimesahihishwa, asante. Lakini hoja iko palepale, mtu mmoja simu mia hiyo siyo tamaa ya ghafla, ni ajira.

#12 Mzee wa Lindo
Vijana salama? Nimelinda kambi za matamasha miaka kadhaa kabla magoti hayajagoma, ngoja niseme nilichokiona kwa macho.

Mwizi wa mahema hatembei kwa kunyata kama kwenye katuni. Anatembea katikati ya njia, mkono mmoja una kinywaji, anaimba. Akifika kwenye hema lililo giza analipiga kofi kwa kiganja anaita jina, jina lolote, "we Sele, uko humo?" Kimya, anasubiri, anaita tena. Akijibiwa anasema aah samahani ndugu nimepotea, na anacheka, na wewe unamwambia usijali ndugu. Asipojibiwa anapiga magoti anafungua zipu kama kwake. Nani atamshuku? Hata mimi nilikuwa nampita.

Akishaingia habebi begi la mtu. Begi linajulikana, lina rangi, mwenyewe anaweza kukutana nalo njiani. Anachukua vya mfukoni na vya kuvaa. Alfajiri moja tulimsimamisha kijana mmoja tukaona amenenepa ghafla kuliko alivyopita jioni, kumvua, jaketi nne, moja juu ya nyingine, na kila mfuko una simu au pochi. Jasho linamtoka na kulikuwa na baridi ya kutetemesha.

Saa zao ni mbili. Ya kwanza ni pale msanii mkubwa anapopanda, kambi nzima inabaki tupu, unaweza kusikia kamba za mahema zikipigwa na upepo. Ya pili ni alfajiri kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, watu wamelala fofofo na walinzi wa usiku macho yamejaa mchanga. Na usiku wa mwisho ni mbaya zaidi, maana kesho yake watu wanatawanyika, nani atamtafuta nani.

Na mahema yanayoanza kuguswa ni yale ya kandokando ya njia kuu na karibu na uzio. Ukipiga hema katikati ya wenzako, milango ikitazamana, mwizi inabidi akanyage kamba sita kukufikia.

#13 Tochi Kali
Hiyo ya kuita jina 🙌 sitakaa nimuamini tena mtu anayemtafuta Sele.

#14 Shangazi wa Mtandao
Mzee wa Lindo shikamoo. Nakubali ulichosema ila na mimi nina yangu. Nimejitolea kwenye meza ya vitu vilivyopotea, matamasha manne hayo, na nawaambia wanangu vingi mnavyosema vimeibwa havijaibwa. Binti anakuja analia, simu imeibwa hemani, walinzi hawafanyi kazi, tamasha bovu. Namuuliza ina kava gani, anasema la njano lina ufa pembeni. Navuta droo naitoa. Imeokotwa chooni tangu jana mchana! Wallet, sorry, pochi ndo usiseme, zinadondoka watu wakivua suruali kwenye vile vyoo vya plastiki, nyingine haziokoleki na wenyewe hawataki kuziona tena. Na vingine viko ndani ya begi la kulalia, miguuni kule, mtu hajawahi kuingiza mkono mpaka mwisho.

#15 Mla Vumbi
Shangazi, hema langu halikujichana lenyewe.

#16 Shangazi wa Mtandao
Hahaha wewe umeibiwa mwanangu, pole. Nawasema hao wengine.

#17 Kinda
Na kuna wasioiba wala kupoteza. Mi niliwahi kumkamata "mwizi". Nimelala, nasikia zipu krrrr taratibu, miguu miwili inaingia kinyumenyume, mtu anatanguliza makalio. Nikamdaka kifundo cha mguu nikapiga kelele mwiziii, kambi nzima ikaamka na tochi. Kumbe jirani, hema la nne kutoka kwangu, la bluu kama langu, kalewa chakari, na yeye anapiga kelele kuliko mimi eti kuna mtu hemani kwake kamshika mguu. Tangu siku hiyo nafunga kitambaa chekundu kwenye kilele cha hema. Siyo kwa ajili ya wezi, kwa ajili ya walevi.

#18 Mpenda Besi
Anatanguliza makalio 🤣🤣 nimelia kweli.

#19 Pono
Jamani nyie mnacheka ila kuna kitu hamkisemi. Sisi tulilala wanne, hakuna aliyekunywa, mikoba tumeilalia kichwani. Asubuhi mikoba mitatu haipo, zipu iko wazi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Watu wanne! Na wote tuliamka kichwa kinauma, mdomo mkavu. Tulipuliziwa dawa, nyie kataeni tu. Wanapitisha mrija kwenye zipu wanapuliza gesi, mnalala kama maiti wanafanya yao.

#20 Kamba Mbili
Hii chai.

#21 Jicho la Tatu
Siyo chai, hata wenye magari ya kulala ndani kule Ulaya wanalalamika hivohivo miaka mingi, wamepuliziwa gesi wameibiwa barabarani.

#22 Ganzi
Niingilie hapa maana ni fani yangu, nafanya kazi chumba cha upasuaji upande wa usingizi. Hao wenye magari ya Ulaya ni kweli wamelalamika sana, mpaka chuo cha madaktari wa usingizi cha Uingereza, Royal College of Anaesthetists, kikatoa tamko kwamba ni hadithi tu. Sababu ziko wazi. Kumlaza mtu kwa hewa unahitaji dawa nyingi, kwa kipimo kinachoshikiliwa muda wote, na mtu kafungwa barakoa usoni. Hema linapitisha hewa kila upande, lingekumalizia mitungi. Dawa zenyewe ni ghali, nyingine zina harufu kali inayokukohoza kabla hujalala, na etha ya zamani inashika moto, na kambini watu wanavuta sigara. Halafu hilo ndo dogo. Kubwa ni kwamba mtu aliyelazwa kwa dawa anaweza kuacha kupumua, ndo maana pale kazini hatumwachi mgonjwa hata dakika. Mwaka 2002 Moscow, vikosi vya serikali vilipuliza gesi kwenye jumba la maonyesho lililotekwa, wenye wataalamu wao, na mateka zaidi ya 100 walikufa. Sasa kibaka na mrija wake awalaze wanne, mikoba ichukuliwe, na asubuhi wote waamke wakilalamika kichwa tu? Huyo tungemwajiri hospitali.

#23 Pono
Sasa kichwa kiliuma kwa nini? Kwa wote wanne?

#24 Ganzi
Siku nzima juani, mmecheza, maji hamjanywa, mmelala wanne kwenye hema dogo na zipu zote mmefunga. Kisingeuma ningeshangaa. Na usingizi wa mtu aliyechoka hivo ni usingizi wa pono hasa, na jina lako mwenyewe linakushtaki. Ila kwa kuwa tumefika kwenye gesi, ya kuogopa kweli hemani ni ile hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa au la gesi watu wanaloingiza ndani usiku wapate joto. Ile haina harufu na haiachi mtu wa kuja kuandika uzi.

#25 Pono
Sawa daktari lakini moyo wangu haujakubali. Hata kugeuka?

#26 Bint Sauti
Turudi kwenye mada. Mleta mada kauliza anafiche wapi. Dada zangu njooni pembeni kidogo: pesa na kadi ya akiba weka ndani ya pakiti ya pedi, katikati, rudishia na gundi yake. Sijaona mwanaume wa kuigusa.

#27 Mzee wa Lindo
Wezi wa kike wapo pia binti yangu.

#28 Bint Sauti
Dah mzee umeniharibia 😩

#29 Kamba Mbili
Mbinu za kuficha zote zina mwisho wake. Soksi, wanaanza nazo. Chini ya mto, mkono unapita ubavuni mwa hema bila kuingia mtu. Kuna wanaochimba kishimo chini ya turubai la sakafu, jamaa yangu alifanya hivo, usiku ikanyesha mvua akafukua pasipoti imekuwa uji. Mi nina pochi mbili. Moja ya uongo, kadi zilizoisha muda na hela kidogo, iko mfukoni mwa begi ikionekana. Ya kweli iko kiunoni chini ya nguo, nikilala inalala na mimi ndani ya begi la kulalia, chini kabisa miguuni. Atakayeichukua anivue kwanza.

#30 Shangazi wa Mtandao
Miguuni hapohapo nilipokuwa nawaambia mnasahau. Endelea tu tutaonana mezani.

#31 Jicho la Tatu
Dawa ni waandaaji, siyo pakiti ya pedi. Tamasha la Glastonbury kule Uingereza walikuwa wanasumbuliwa hivihivi mpaka mwaka 2000 walipojenga ule uzio mkubwa wa chuma, tangu hapo kwisha habari.

#32 Nyuki
Mkuu na miaka wewe 😂 Mwaka 2000 ndo watu waliruka uzio kwa makundi, waliingia wengi kupita kiasi, 2001 tamasha halikufanyika kabisa, uzio mkubwa ukaja 2002. Na uzio unamzuia asiye na tiketi. Wewe mwenyewe #9 umesema magenge yananunua tiketi, sasa uzio utayafanya nini? Kitu cha kuiga pale Glastonbury ni vile vibanda vya kuhifadhi vitu, unapeleka begi lako wahudumu wanalitunza, na ni bure.

#33 Jicho la Tatu
Nyuki unanifuata uzi mzima, kuna kitu nilikukosea?

#34 Kinda
Kweli jamani hifadhi ya tamasha ndo ya uhakika. Na pale pasipo na vibanda vya bure kuna makabati ya kukodi, mengine yana na chaji ndani, unaacha simu inakula moto na kufuli ni lao. Ila ukisubiri ufike ndo uulize unakuta yamekwisha, hayo yanakatwa mtandaoni pamoja na tiketi. Ubaya wake mmoja, foleni. Saa tano usiku unataka jaketi, mbele yako watu arobaini wanataka jaketi.

#35 Tochi Kali
Na vile vidude vya kufuatilia je? Nimeweka AirTag kwenye begi, nimetulia, likiondoka naliona.

#36 Mpenda Besi
Unaliona likienda, halafu? Unamfuata mwenyewe usiku peke yako?

#37 Nyuki
Tochi Kali kile kidude hakina satelaiti ndani. Kinategemea simu za Apple za watu wanaopita karibu, ndo zinakisikia kwa bluetooth na kupeleka habari. Kambini simu ni nyingi hilo ni zuri, ila mtandao ukizidiwa na watu unaona begi lilipokuwa nusu saa iliyopita. Halafu kuna hili, vikitoka 2021 Apple waliogopa watu watavitumia kufuatilia wapenzi wao, wakaweka kitu kwamba kikikaa mbali na mwenyewe kinaanza kulia, na simu ya aliyenacho inaweza kupewa taarifa kwamba kuna kidude kigeni kinatembea na wewe. Kwa hiyo kinamwambia na mwizi.

#38 Tochi Kali
Kinalia baada ya siku tatu bhana, mpaka hapo nishafika polisi.

#39 Nyuki
Ilikuwa siku tatu mwanzoni, mwaka uleule wakapunguza, sasa ni kati ya masaa 8 na masaa 24.

#40 Jicho la Tatu
Huyu Nyuki ni binadamu kweli?

#41 Laini Moja
Wadau habari, nimesoma toka juu. Mnalilia simu na hamjalilia laini. Mwizi wangu mimi hakuhangaika na nywila ya simu hata kidogo, alichomoa laini akaichomeka kwenye simu yake, benki ikatuma namba ya siri ya kuthibitisha, ikafika kwake. Nilikuwa bado nacheza mbele ya spika wakati akaunti inasafishwa. Kuna sehemu kwenye mipangilio ya simu ya kuweka PIN ya laini yenyewe, siyo ya simu, ukiiwasha laini ikihamishwa inaomba namba, akikosea mara tatu inajifunga inataka PUK, ile namba ya kuifungulia laini. Dakika moja tu. Badilisheni na ile namba ya kiwandani maana wote tunaijua. Na kabla hujaondoka nyumbani piga *#06# andika zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi ubaki nayo mahali, siyo uzihifadhi kwenye simu hiyohiyo kama nilivyofanya mimi.

#42 Mla Vumbi
#41 dah. Nimeifanya saivi nikiwa nasoma. Simu iliyoibiwa ilikuwa na laini ya zamani, nimepiga kampuni wakaifunga, kadi ya benki nilifunga usiku uleule kwa simu ya rafiki.

#43 Mpenda Besi
Huu ndo mchango wa maana kuliko yote, mods uwekeni juu.

#44 Karani
Kuhusu bima hakuna aliyegusa. Mleta mada una bima ya vitu vya nyumbani? Baadhi zinalipa hata kitu kikiibiwa ukiwa safarini, ila soma maandishi madogo, mara nyingi wakisikia hema wanakunja uso. Wengi wanataka dalili za kuvunja. Ukiacha zipu wazi kama Kamba Mbili wanasema ulimkaribisha mwizi. Na kwa ile mbinu ya kalamu ya Fundi Zipu huna dalili yoyote, zipu nzima, kufuli zima, utamwonyesha nini mtu wa bima? Kwa hiyo katika ubaya wewe una bahati, umechaniwa. Piga picha ule mpasuko, ambatanisha na ripoti ya polisi.

#45 Mla Vumbi
Hema nimeliacha kulekule. Nililiangalia asubuhi likanitia hasira nikalitupa kwenye pipa.

#46 Karani
Ukapiga picha?

#47 Mla Vumbi
Simu ya kupigia picha ndo iliyoibiwa, hii nyingine kamera ilishakufa.

#48 Karani
Basi mkuu.

#49 Bint Sauti
Ila mmeona? Bila kufuli bima haikujui. Kamba Mbili njoo ujibu.

#50 Kamba Mbili
Bila bima je? Mi sina bima wala kitu cha kuwekewa bima. Tena niwaulize nyie wa makufuli, usiku mnalala kufuli liko ndani au nje? Maana mtu anafunga zipu kwa ndani, anapiga kufuli, funguo anaweka pasipojulikana, jirani jiko lake linashika moto saa tisa usiku, unatokea wapi?

#51 Fundi Zipu
Hapo nakuunga mkono. Mkiwa ndani msifunge kufuli kamwe. Fungeni kikengele kidogo kwenye kishikio cha zipu, kinatosha. Na jambo jingine, usiku mkiwasha taa kubwa ndani ya hema jueni mnaonekana kama vivuli ukutani, mtu aliyesimama gizani nje anaona unavyohesabu hela na unavyoziweka.

#52 Mzee wa Lindo
Kweli kabisa fundi. Tulikuwa tunaona mengi zaidi ya hela.

#53 Mpenda Besi
Mzee funguka 😂

#54 Mzee wa Lindo
Siwezi, Shangazi yupo humu.

#55 Kinda
Mi naona kinga kubwa ni majirani. Siku ya kwanza ukimaliza kupiga hema zunguka salimia, jueni majina. Ukimuona mtu anaingia hema la jirani unamuuliza wewe nani, mwenye hema anaitwa nani.

#56 Jicho la Tatu
Na kama mwizi ndo jirani? Ndo wa kwanza kukusalimia, anakuuliza leo mnaenda kumwona nani, mnarudi saa ngapi. Mla Vumbi hebu kumbuka, majirani zako walikuwa watu gani?

#57 Mla Vumbi
Kulia kulikuwa na vijana watatu wapole, kushoto mtu na mkewe. Wote walijua tunaenda mbele, tuliwaaga. Nyuma sikumbuki, kulikuwa na hema dogo la kijani, halikuwepo asubuhi.

#58 Jicho la Tatu
🧐

#59 Nyuki
Halikuwepo asubuhi haina maana ni mwizi, watu wengine wana kazi Jumatatu.

#60 Pono
Au na wao walipuliziwa.

#61 Mpenda Besi
Mleta mada, na kiatu? Maana mi nimekaa hapa uzi mzima kwa ajili ya kiatu.

#62 Mla Vumbi
Nilikitafuta mpaka kwenye meza ya vilivyopotea, wakanionyesha boksi zima la viatu vya mguu mmoja. Changu hakikuwemo. Nimerudi nyumbani na ndala.

#63 Shangazi wa Mtandao
Hilo boksi nalijua. Vya kulia vilikuwa wapi, juu au chini?

#64 Mla Vumbi
Walinionyesha vya juu tu shangazi. Kwani chini kuna vingine?